Anayetaka Kumsemea Mgonjwa

Vijana wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa wananiuliza namna ya kuingia kwenye kazi ya kutetea wagonjwa. Wengi wana moyo. Lakini moyo peke yake umeshaumiza wagonjwa ninaowakumbuka kwa sura, kwa hiyo haya nayaandika kwa ukali na ukali huo siuombei radhi. Anayeona ni mengi atafute kazi nyingine, maana hapa kosa lako analilipa mtu aliyelala kitandani.

Kaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje siku tatu kabla hujafungua mdomo. Fika saa kumi na mbili asubuhi, uondoke wanapofunga. Angalia nani anaanzia mapokezi, nani anatumwa malipo, nani anarudishwa akatoe kopi, nani anatoka getini bila dawa. Utamwona bibi aliyetoka ziwani jana yake. Ana mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili. Ndani mna daftari la shule ambamo daktari huandika, kadi ya bima iliyokwisha muda, cheti cha dawa ambazo hakuzipata mara iliyopita, na noti ya elfu mbili iliyokunjwa hadi ikawa nyembamba kama kidole. Kila dirisha anafungua mafundo, anatandaza vyote juu ya kanga, anaokota kimoja kimoja, anafunga tena. Hesabu anafungua mara ngapi. Mimi niliwahi kuhesabu saba. Kila fundo lililofunguliwa bure ndiyo kazi yako.

Jua ngazi za huduma, hata ukiamshwa usiku wa manane uzitaje. Zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa kule Songea ambayo watu wetu wanaiita HOMSO, kisha hospitali za kanda, kisha Muhimbili. Pembeni zipo hospitali za makanisa ambazo kwa miaka mingi zimebeba mzigo wa huku: Litembo milimani kwa Wamatengo, St. Anne's pale Liuli, na Peramiho, ambako Wabenediktini walifika mwaka 1898. Ujue pia mipaka ya halmashauri. Mbinga kuna ya Mji na kuna ya Wilaya, na Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga, ina yake. Mzee akikwambia karatasi zake ziko wilayani, muulize wilaya ipi. Barua iliyokwenda kwenye ofisi isiyohusika ni sawa na barua ambayo haikuandikwa, na mgonjwa anaendelea kusubiri huku wewe ukijisifu kwamba umeipeleka.

Usimrushe mgonjwa ngazi. Kumpeleka mtu moja kwa moja Songea kwa sababu ndiko unakofahamiana na watu ni kumtia gharama. Kadi ya CHF, yaani ya Mfuko wa Afya ya Jamii, hufuata rufaa; bila karatasi ya rufaa atalipa kila kitu mfukoni.

Soma sera kabla ya kuitaja. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wanapoharibu.

Uchangiaji wa gharama za matibabu katika hospitali za serikali ulirudishwa nchini mwaka 1993, na pamoja nao ukaja utaratibu wa msamaha. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawataja wanaostahili: wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na watu wenye maradhi sugu kama kifua kikuu, UKIMWI na saratani. Piga mstari chini ya maneno hayo, wasio na uwezo. Mzee wa miaka 70 mwenye mashamba matatu ya kahawa na watoto walioajiriwa hastahili msamaha kwa mvi zake. Mzee wa miaka 62 anayekaa peke yake kibandani anastahili, lakini hapati kwa kufika dirishani na kusema ni mzee. Anahitaji utambulisho kutoka serikali ya kijiji chake, wenye jina, umri, muhuri na maelezo ya hali yake. Kisha anahitaji kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Barua hiyo itafutwe akiwa mzima. Mtendaji wa kijiji anaweza kuwa kwenye kikao tarafani, au msibani, au safarini kwa siku tatu, na homa ya mapafu haimsubiri mtendaji.

Nilijifunza hayo kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja, nilisimama mbele ya dirisha la malipo na mzee mmoja wa milimani. Hakuwa na barua. Nilijua sera inasema nini na nilitaka kila mtu ajue kwamba najua. Nilipaza sauti. Nilitaja sera, nilitaja mwaka, nilisema mbele ya foleni nzima kwamba huyu mzee ni maskini, hana mtu, hana hata shati la kubadili. Mhasibu akafunga dirisha. Nilipogeuka, mzee hayupo. Nilimkuta stendi ameketi juu ya jiwe, amekumbatia fimbo yake. Nikasema, "Shikamoo baba, turudi, tutalimaliza." Akanitazama kwa muda. "Marahaba, mwanangu. Leo umenivua nguo mbele ya watu." Akapanda gari akarudi kwao na mguu wake ukiwa vilevile umevimba.

Kwa hiyo usipaze sauti dirishani. Usitangaze umaskini wa mtu kama unanadi bidhaa mnadani. Omba chumba. Omba kuonana na mganga mfawidhi, na kama hayupo, na muuguzi mkuu wa zamu. Mpe mzee kiti kwanza. Halafu sema kwa sauti ya kawaida: mgonjwa ni huyu, karatasi ni hizi, kinachokosekana ni hiki, naomba atibiwe wakati tunakitafuta. Nimeona maneno hayo manne yakifungua milango ambayo kelele ziliifunga.

Usipokee senti. Wala soda. Katika nchi hii kuna neno kwa mtu anayesimama katikati ya mwananchi na huduma yake akakata kipande: kishoka. Siku utakayopokea elfu tano ya kuharakisha faili, hilo ndilo jina lako, na utakuwa umemfundisha mgonjwa kwamba haki yake inauzwa. Ukiona mtumishi anaomba rushwa, namba ya TAKUKURU ni 113, haitozwi. Najua mama wa Lundu ambaye mtoto wake amepona atakuja na dagaa waliokaushwa vizuri, na kumkatalia shukrani ni kumkosea heshima. Mwambie: mama, ahsante, mpelekee yule wa kitanda cha tatu, hana ndugu wa kumletea chakula. Atakuelewa. Mara zote wanaelewa.

Usipige picha. Sitaki kusikia maelezo. Usimpige mgonjwa picha akiwa na dripu, usirushe cheti chake kwenye kundi la WhatsApp ili watu wachangie, usitaje ugonjwa wake kwa mwenye bodaboda hata kama bodaboda ndiye binamu yake. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, na habari za afya ni miongoni mwa zile inazoziita nyeti. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ilishakataza kutoa siri ya aliyepima. Lakini hata kusingekuwa na sheria: Mbamba Bay si Dar es Salaam. Neno likitoka saa nne asubuhi, saa sita limefika sokoni, jioni limefika kwa mume. Kama mchango ni lazima, mgonjwa mwenyewe aseme nini kisemwe na kwa nani, ukiwa umemweleza kwa lugha anayoielewa kwamba kikishatoka hakirudi.

Na lugha hiyo mara nyingi si Kiswahili. Tafuta mkalimani. Wapo wazee wa milimani wanaojibu "ndiyo, daktari" kwa kila swali la Kiswahili kwa sababu ya adabu, halafu nje wanaulizana kwa Kimatengo alichosema. Ziwani utakutana na Kinyasa, Kimanda, Kimpoto. Mwombe mgonjwa amchague mtu wa kumfasiria, na usimtumie mtoto kumfasiria mama yake mambo ya uzazi. Usifupishe. Mgonjwa akizungumza dakika tano na wewe ukamwambia daktari "anasema tumbo linauma", umemnyang'anya dakika nne.

Fuata kalenda ya watu, usifuate kalenda ya mradi wako. Kadi ya CHF iliyoboreshwa iliwekwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Fedha hiyo Mmatengo anayo kahawa inapouzwa, baada ya mavuno yanayoanza katikati ya mwaka. Ukimwendea Februari, mvua inanyesha, mashimo ya ngoro shambani yanataka kulimwa, ghala linaelekea kuisha, na ada za shule ameshatoa, utapata ahadi tu, na ahadi hiyo itamwaibisha kila akikuona. Uwe kwenye chama cha msingi siku ya malipo. Kaa nje ya geti na fomu, kalamu na mtu wa kupiga picha za kadi, umalize kaya nzima papo hapo, pamoja na bibi na yule mtoto wa dada anayelelewa pale ambaye husahaulika kila mwaka. Ziwani fedha zinakuja na dagaa, na dagaa wanakwenda na mwezi na upepo. Waulize wenye mitumbwi, watakwambia wiki gani. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023 na taratibu zinabadilika kwa sababu yake. Kila msimu nenda ofisi ya bima, uliza upya bei na mafao, kisha ndipo uwaambie watu. Aliyeambiwa bei ya zamani akafika na fedha pungufu hatakuamini tena, na hana kosa.

Hifadhi namba 115 kwenye simu yako, na kwenye simu ya kila mjamzito, mume wake na jirani yake. Hiyo ndiyo namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Kuipiga ni bure. Pale gari la wagonjwa lisipopatikana, mfumo unatafuta dereva wa jamii aliyesajiliwa na unamlipa, familia haitoi nauli. Lakini namba bila mtandao wa simu haina kazi. Tembea kijiji chako, ujue simu inashika kwenye mwembe upi au kilima kipi, na uwaonyeshe wazazi sehemu hiyo mchana, kabla ya usiku wa uchungu. Ujue pia madereva waliosajiliwa wanakaa wapi. Kama kijiji chako hakina hata mmoja, hiyo ndiyo kazi yako ya wiki hii.

Usimwache mjamzito mwenye dalili za hatari asubiri meli. Meli ya abiria inayopita Liuli na Mbamba Bay haitembei kila siku, na mtumbwi kwenye upepo mkali wa kusini ni kifo. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kama kilomita 66, sasa ina lami, na hilo limeokoa watu. Njia za kandokando ya ziwa kwenda Liuli na Lituhi bado masika zinakatika. Mwenye mapacha, aliyewahi kupasuliwa, mwenye presha, asogee karibu na hospitali wiki mbili tatu kabla ya siku zake. Wewe ndiye wa kukaa na mume na mama mkwe kutafuta nani atamlisha na nani atabaki na watoto. Swali la nani atabaki na watoto limewazuia wanawake wengi kuliko swali la nauli.

Nauli nayo usiidharau. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilikuwa inatibu fistula bure, na bado wanawake hawakufika, kwa sababu bure ya hospitali haimfikishi mtu hospitalini. Mwaka 2009 wakaanza kutuma fedha za nauli kwa M-Pesa kupitia mabalozi wao walioko vijijini. Balozi anamkatia mgonjwa tiketi, mgonjwa anasafiri, akifika balozi naye anapata kifuta jasho. Idadi ya waliofika ikapanda. Huku kwetu wazo la kumfuata mgonjwa aliko ni la zamani zaidi. Mwaka 1901 misheni ya Kianglikana ya UMCA iliishusha ziwani meli ya Chauncy Maples, ikawa hospitali na shule inayotembea kijiji hadi kijiji. Nikirudi kwenye fistula: ukisikia mwanamke anajitenga, hakai na wenzake kanisani, anafua nguo peke yake alfajiri, usimuulize mbele ya watu. Keti naye. Mwambie tu kwamba ule ugonjwa unatibika.

Usijifanye daktari. Usisome vipimo, usimwambie mtu aache dozi, usitaje jina la dawa uliyoona kwingine. Na usitukane waganga wa jadi. Mgonjwa atakayeona unamdharau mganga wake atakuficha dawa aliyokunywa, na daktari anahitaji kuijua.

Usiwafanye wauguzi maadui. Nenda zahanati moja ya mwambao usiku uone: muuguzi mmoja, wajawazito wawili, mtoto mwenye degedege, taa ya simu mdomoni ili mikono yote ifanye kazi. Akikujibu kwa ukali, msaidie kwanza kushika taa. Lakini ukali wa uchovu na matusi ni vitu viwili. Mama akitukanwa au akipigwa akiwa kwenye uchungu, usilifunike kwa sababu muuguzi ni rafiki yako au ndugu wa mkeo. Andika siku hiyo hiyo: tarehe, zamu, wodi, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, nani alisikia. Mpelekee mganga mfawidhi. Kukiwa kimya, kamati ya usimamizi ya kituo. Kukiwa kimya tena, mganga mkuu wa halmashauri, na juu yake Baraza la Uuguzi na Ukunga au Baraza la Madaktari. Mgonjwa akubali kila hatua. Akisema imetosha, imetosha.

Ingia kwenye kamati ya usimamizi ya kituo, au uhakikishe anayeingia anajua kusoma hesabu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja zinatumwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na kamati ndiyo inayopaswa kujua zilivyotumika. Nimeona wajumbe wakisaini muhtasari wa kikao wasichokaa. Usisaini. Uliza dawa zilizoagizwa Bohari ya Dawa, zilizofika, na zilizokosekana. Andika idadi, siku kwa siku. Shirika la Sikika limejenga jina lake kwa kufuatilia bajeti na dawa namna hiyo. Wanaharakati wa uzazi salama wa Utepe Mweupe walipotaka huduma za dharura za uzazi ziboreshwe Rukwa, walianza kwa kukagua ni kituo kipi kinaweza kumpasua mama na kumwongezea damu, wakakusanya saini za wananchi kwa maelfu, na suala likamfikia Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, mwana wa huko. Kiongozi anaweza kukwepa malalamiko. Orodha ya vituo vyenye majina ni vigumu kuikwepa.

Kuhusu ajira, usidanganywe. Hutaona tangazo la serikali linalotafuta "mtetezi wa wagonjwa". Milango iliyopo ina majina mengine. Wa kwanza ni ustawi wa jamii: soma, Chuo cha Ustawi wa Jamii cha Dar es Salaam kikiwa ndicho kinachojulikana zaidi, kisha uombe kufanya kazi hospitalini, maana afisa ustawi wa hospitali ndiye anayeandika msamaha. Wa pili ni uhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao serikali iliuzindulia mpango mpya Januari 2024, wenye mafunzo ya miezi sita. Wa tatu ni mashirika na makanisa, ambako mkataba ni wa mradi na mradi una mwisho. Siku utakapokwisha, wagonjwa wako wakabidhi kwa mtu kwa majina, usiwaache hewani.

Usiahidi. Usiseme "utapona", usiseme "nitalimaliza leo". Sema utakachofanya na siku utakayorudi.

Mgonjwa akifa, usiondoke. Ndugu hawajui la kufanya na mhasibu anawasubiri. Serikali imeagiza mara kadhaa kwamba mwili usizuiwe kwa sababu ya deni; mkumbushe mhasibu hilo kwa upole, wasaidie ndugu kuandika jinsi familia itakavyolipa, na ukae nao mpaka gari liondoke.

Na uwe na daftari. Langu lina safu tano: jina, kijiji, alichohitaji, alichopata, na ya mwisho, alitibiwa? Safu hiyo siijazi kwa kusikia. Namwona mtu kwa macho au naongea naye kwa simu yake mwenyewe. Ijumaa jioni napitisha kidole kutoka juu hadi chini. Penye nafasi tupu natia alama nyekundu, natafuta nauli, na Jumatatu alfajiri nipo stendi ya Mbinga kwenye gari la kwanza linaloshuka ziwani.